Spektrometria ya masi na polima: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

"Mashine itakupa namba moja, masi ya polima."
Hapana. Spektrometria ya masi hupima masi za molekuli zilizogeuzwa ioni, yaani zilizopewa chaji ya umeme. Polima ya kutengenezwa ni mchanganyiko wa minyororo ya molekuli yenye urefu mbalimbali, kwa hiyo kwenye grafu hutoka safu nzima ya vilele, kila kimoja kikionyesha masi ya mnyororo wa urefu fulani, na utamu wote umo humo. Chukua polietileni glikoli. Kati ya kilele na kilele kuna daltoni 44.03 (daltoni ni kipimo cha masi ya molekuli), masi ya kipande kinachojirudia. Mnyororo wa vipande 20, wenye haidrojeni ncha moja na OH ncha ya pili, ukishikwa na ioni moja ya sodiamu huonekana penye 921.5. Ondoa vipande vyote, ondoa sodiamu: inabaki 18, yaani zile ncha mbili. Ukikuta 935.5, nafasi ya haidrojeni ya nchani imeshikwa na methili (CH3). Ukikuta 903.5, huenda mnyororo umejifunga duara, au umepoteza maji nchani. Masi peke yake haiamui kati ya hayo mawili. Itabidi uivunje ioni hiyo na kupima masi za mabaki yake.

"Kilele kilichozidi kwa 16 ni polima iliyooksidika."
Hapa wengi hunaswa, na inauma kuona sampuli nzuri ikitupwa. Potasiamu ikishika nafasi ya sodiamu, masi huongezeka kwa 15.97, oksijeni huongeza 15.99. Kabla ya kuhukumu, ongeza chumvi ya sodiamu kidogo. Kilele cha potasiamu kitafifia. Cha oksijeni kitabaki.

"Leza huikatakata minyororo."
Katika MALDI, njia ya kurusha molekuli kwa leza na kuzigeuza ioni, sampuli huchanganywa na kemikali inayofyonza mwanga wa leza, na minyororo mingi huruka mizima. Njia laini za namna hii, zisizovunja molekuli, ndizo zilizowapa John Fenn na Koichi Tanaka sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2002.

"Kilele kirefu ndicho chenye molekuli nyingi."
Si lazima. Minyororo mirefu huwa migumu kurusha na kunasa. Mtawanyiko wa masi (wastani wa masi kwa uzito ukigawanywa kwa wastani kwa idadi ya minyororo; minyororo yote ikilingana huwa 1) ukizidi takriban 1.2, wastani unaoupata huwa mdogo kuliko halisi. Tenganisha sampuli kwanza kwa ukubwa wa molekuli, kisha pima kila fungu.

"Inafaa polima yoyote."
Polistirini huhitaji ioni za fedha. Polietileni haina pa kuishika ioni vizuri, hivyo mara nyingi huvunjwa kwa joto kali, na yale mabaki madogo ndiyo yanayopimwa.