Aibu ya fistula na mwanamke wa Marko 5

Katika huduma ya ushauri nasaha ninayoifanya kanisani hapa Kigoma, sijakutana na aibu nzito kuliko ya wanawake wenye fistula ya uzazi. Uchungu unapodumu muda mrefu bila msaada, kichwa cha mtoto hubana nyama laini za mama kwenye mfupa wa nyonga mpaka zinakufa, na tundu hubaki kati ya kibofu na uke. Tangu hapo mkojo hutoka usiku na mchana, na mara nyingi mtoto naye hayupo. Ibadani mama huyu hukaa benchi la mwisho karibu na mlango, khanga ameikunja mara nne chini yake, na huondoka kabla ya sadaka ili asipite mbele za watu. Nyuma yake wanasema amelogwa, au analipia uzinzi.

Mtu wa namna hiyo mimi humsomea Marko 5. Mwanamke yule alitokwa na damu miaka 12, na kwa sheria ya Walawi 15 kitanda chake, kiti chake na kila aliyevigusa walihesabiwa najisi. Alijipenyeza katika umati, akaligusa vazi la Yesu, akapona papo hapo. Wahubiri wengi huishia hapo, na kwa maoni yangu huacha sehemu kubwa ya habari yenyewe. Damu imekwisha kukatika, lakini Yesu anasimama na kuuliza ni nani aliyemgusa, ilhali Yairo, mkuu wa sinagogi, anamsubiri kwa ajili ya binti yake aliye mahututi. Kama mwanamke yule angeachwa aondoke kimyakimya, angekuwa mzima peke yake, na kesho majirani wangeendelea kumkwepa. Badala yake anaitwa "Binti" umati ukisikia, na Yairo, kiongozi wa ibada, akiwa amesimama pale pale.

Anayemwita hivyo naye alikuja kutundikwa hadharani, kwa adhabu ambayo Warumi waliwatwika watumwa na waasi; Waebrania 12:2 inasema "aliustahimili msalaba na kuidharau aibu".

Imani hii haishindani na hospitali. Fistula nyingi huzibwa kwa upasuaji, na hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam huufanya bila malipo, ingawa kutoka huku ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Kumwambia mama afunge na kuomba mpaka mkojo ukauke ni kumwongezea mzigo. Akirudi, kazi ni ya jumuiya: waende kwake, wakalie mkeka wake, wale ugali na dagaa alivyopika yeye. Ushuhuda madhabahuni simdai mtu. Akitaka mwenyewe, tunakaa kwanza tukapanga lipi litasemwa na lipi litabaki lake.