Tunayozisingizia Gemu za Mtandaoni

Mpwa wangu anayesoma sekondari hapa Dodoma ana maneno matatu kwa kila mechi anayoshindwa: "Mjomba, huyu anachiti." Huyatamka akiwa ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa karibu na dirisha la sebule, mahali pekee katika nyumba yetu ya Ipagala ambapo mtandao hushika vizuri, simu ikiwa kwenye chaji na imepata moto kama pasi. Simcheki, kwa kuwa miaka ya nyuma, nilipokuwa nikilipa shilingi mia tano kwa mechi katika mabanda ya gemu, na mimi nilikuwa na visingizio vyangu, kuanzia pedi iliyolegea hadi mwenye banda kunipa timu mbovu. Nilichojifunza tangu nianze kucheza mtandaoni ni kwamba malalamiko yetu wachezaji huwa na msingi, ila mara nyingi tunamshika asiyehusika.

Dhana: Ukipigwa risasi ukiwa umeshajificha ukutani, mpinzani wako ni mdanganyifu

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote kwa wachezaji wa PUBG Mobile na Call of Duty: Mobile, gemu za simu za kurushiana risasi, ninaowafahamu, nami nimelitafakari zaidi ya mengine. Wadanganyifu wapo, na kampuni hufungia akaunti zao kila mara, lakini kifo cha nyuma ya ukuta kwa kawaida hakihitaji mdanganyifu yeyote. Kinahitaji umbali tu.

Mechi ya mtandaoni haichezwi ndani ya simu yako. Inachezwa ndani ya seva, yaani kompyuta kuu ya kampuni iliyo mbali nawe, na simu hupeleka taarifa za vidole vyako kisha ikapokea taarifa za wenzako. Mchezaji wa Dodoma akichagua eneo la Mashariki ya Kati katika PUBG Mobile, na seva ikawa mahali kama Dubai, kuna takriban kilomita 4,000 kwa mstari ulionyooka, na taarifa zetu hazisafiri kwa mstari ulionyooka. Hushuka kwanza hadi Dar es Salaam, mahali zinapotia nanga nyaya za baharini kama SEACOM iliyoanza kazi mwaka 2009 na EASSy iliyofuata mwaka 2010, ndipo zikaanza safari ya bahari. Mwanga ndani ya waya wa kioo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo hata kama waya ungenyooka kama rula, kwenda na kurudi kungechukua milisekunde 40. Ongeza mzunguko wa njia, mitambo ya kupokezana njiani na mnara wa simu uliolemewa saa mbili usiku, na hutashangaa kuona pingi, yaani milisekunde za kwenda na kurudi, ikisoma 120 au 160, kama inavyosoma kwangu.

Sasa seva inakabiliwa na tatizo la uadilifu. Mpinzani alifyatua risasi akiwa anakuona uwazini, lakini taarifa yake ilipofika wewe ulikuwa umeshaingia ukutani. Nani apewe haki? Gemu nyingi za kurushiana risasi huamua kurudisha saa nyuma kwa sehemu ndogo ya sekunde, zikapima ulikuwa wapi pale mpinzani alipobonyeza, na kama risasi ilikulenga, unakufa. Kwake yeye hapakuwa na hila yoyote. Alimwona mtu, akampiga. Siku moja niliziweka simu mbili mezani, yangu na ya mpwa wangu, tukiwa katika mechi moja. Kwenye simu yake alikuwa ameshapinda kona ya jengo, ilhali kwenye yangu mgongo wake ulikuwa bado mlangoni. Alinyamaza kidogo, kisha akasema ukuta wenyewe ndio unaochiti. Sikumpinga, kwa kuwa alikuwa amekaribia ukweli kuliko siku zote. Tena yawezekana kuna kijana Riyadh anayemlalamikia mjomba wake kuhusu mpwa wangu kwa maneno hayo hayo.

Dhana: Ukinunua bando kubwa, gemu itaacha kukwama

Bando kubwa linaongeza kiasi cha mzigo unaoweza kubebwa, halipunguzi urefu wa safari. Kuipanua barabara kutoka Morogoro hakuisogezi Dodoma karibu na Morogoro. Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 imetupunguzia saa za safari kwa kuongeza mwendo, lakini mwanga ndani ya waya tayari uko kwenye mwendo wake wa mwisho. Kinachosaidia ni kuchagua eneo la seva lililo karibu zaidi, kucheza saa ambazo mnara haujaelemewa, na kuzima programu zinazopakua mambo chinichini. Mengine ni kujiliwaza.

Dhana hii ina pacha wake, nayo ni kwamba gemu za mtandaoni zinakula bando kuliko kitu kingine chochote kwenye simu. Fungua mipangilio ya simu yako, tazama matumizi ya data ya kila programu, na utakuta saa nzima ya mechi imetumia makumi ya megabaiti, wakati video fupi ulizokuwa ukizitazama kitandani zimetumia mara kadhaa ya hapo. Mechi yenyewe haitumi picha. Picha zote zimeshahifadhiwa ndani ya simu, na kinachosafiri ni namba tu, kwamba fulani yupo hapa, ametazama kule, amefyatua. Bando huliwa na masasisho, ambayo yanaweza kufika gigabaiti nzima kwa mara moja. Kwa hiyo mzazi anayemkataza mtoto kucheza ili kuokoa bando, kisha akamwacha atazame video, ameziba tundu la sindano na kuacha mlango wazi.

Dhana: Aliyeua ishirini katika mechi yake ya kwanza ana kipaji

Mechi ya kawaida ya PUBG Mobile huwa na hadi wachezaji 100, na mgeni akiwaangusha kwa makundi hudhani amezaliwa kwa kazi hiyo. Wengi wa aliowaangusha ni roboti, yaani wachezaji bandia wanaoendeshwa na gemu yenyewe. Mwaka 2019 kampuni ya Epic Games ilitangaza wazi kwamba inaingiza roboti katika Fortnite, gemu yake ya kurushiana risasi, ili wanaoanza wapate pa kujifunzia, na kwamba idadi yao ingepungua kadiri mchezaji anavyopanda. PUBG Mobile nayo huzitumia kwa wingi katika ngazi za chini. Ukizoea utazitambua: zinakimbia kwa mstari kama mtu anayewahi daladala, zinasimama wima kukupiga risasi, na zinakukosa ukiwa hatua kumi mbele yake. Binafsi sioni ubaya wa jambo hili, kwa kuwa anayepigwa mechi kumi mfululizo hufuta gemu. Kinachonikera ni kwamba roboti hupewa majina ya kibinadamu na hakuna alama ya kuzitofautisha, mgeni akaachwa ajidanganye hadi siku atakapopanda ngazi na kukutana na watu wenyewe.

Dhana: Mwenye pesa ndiye anayeshinda

Hapa jibu hutegemea unacheza nini, na wanaosema ndiyo kwa gemu zote wanakosea sawa na wanaosema hapana kwa gemu zote. Katika Fortnite unaweza kununua vazi la bei mbaya na bado ukafa sawasawa na aliyevaa la bure, maana vazi halibadilishi nguvu wala kasi. Katika Dota 2 ya kampuni ya Valve, mashujaa wote hutolewa bure tangu siku ya kwanza, na kinachouzwa ni mapambo. Ukienda Free Fire mambo yanabadilika, kwa sababu baadhi ya mapambo ya bunduki huongeza sifa fulani, kwa mfano kasi ya kufyatua, huku yakipunguza nyingine. Hayamgeuzi asiyejua kuwa bingwa, lakini kusema ni urembo mtupu si kweli.

Gemu za mpira ndizo ninazozilaumu bila kigugumizi. Katika eFootball na katika gemu za EA Sports, kikosi chenyewe ndicho bidhaa. Unatoa pesa, unafungua pakiti, na hujui atatoka nani. Mtu anaweza kupata mshambuliaji wa ndoto zake kwa jaribio la kwanza, na mwingine akamaliza mshahara wa wiki akikusanya mabeki wasiotakiwa. Mwaka 2018 mamlaka ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilisema pakiti za aina hiyo katika baadhi ya gemu, FIFA 18 ikiwamo, ni kamari kwa mujibu wa sheria zao, na mwanzoni mwa 2019 EA ikaacha kuuza sarafu za FIFA nchini humo. Nakubaliana na Wabelgiji. Ukinunua korosho sokoni Majengo unaonyeshwa korosho, hupewi mfuko ulioshonwa ukaambiwa ujaribu bahati.

Kwa kuwa tumeitaja FIFA, inafaa kusema kwamba hakuna FIFA 24 wala FIFA 25, hata kama mabanda mengi bado yameandika hivyo kwenye vibao. Ushirikiano wa EA na shirikisho hilo uliisha baada ya FIFA 23, na tangu Septemba 2023 gemu hiyo inaitwa EA Sports FC. Jina limebadilika, mpira wenyewe, kwa maoni yangu, haukubadilika kiasi cha kulipia upya. Mpinzani wake, eFootball, alizaliwa vibaya kabisa Septemba 2021, akiwa na sura za wachezaji zilizopinda hadi Konami, kampuni inayoitengeneza, ikaomba radhi, lakini leo ndiye ninayemcheza zaidi, kwa sababu pasi zake zina uzito na zinamtaka mtu afikiri.

Dhana: Free Fire ni gemu ya wasio na simu nzuri

Nimesikia dharau hii hata kwa wanafunzi wa chuo kikuu, wenye simu za mkopo. Free Fire ilitoka mwaka 2017 ikiwa imekusudiwa simu zenye uwezo mdogo: wachezaji 50 badala ya 100, ramani ndogo, mechi inayoisha kwa takriban dakika kumi, picha zisizochosha simu. Hayo si mapungufu, ni maamuzi ya usanifu. Mechi ya dakika kumi inaisha kabla umeme haujakatika. Ya nusu saa haina dhamana hiyo. Binafsi siipendi kwa rangi zake zinazopiga kelele na kwa vishawishi vya kununua vinavyoruka kila unapofungua, lakini watu walioweza kuingiza mechi ya watu 50 katika simu ya kumbukumbu ndogo ni mafundi, na fundi hatukanwi kwa sababu mteja wake ni maskini.

Dhana: Gemu za bunduki huwafanya watoto wakatili, na kila achezaye sana ameshakuwa mraibu

Dada yangu, mama wa kijana huyu, yuko Kondoa, na kila akipiga simu huuliza kama mwanawe hajaanza kupiga watu. Namjibu kwamba mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichunguza takriban vijana 1,000 wa Uingereza wenye umri wa miaka 14 na 15, wakawauliza wazazi wao pia, na hawakuona uhusiano kati ya kucheza gemu za mapigano na ukali wa vijana hao. Ananijibu kwamba watafiti hao hawamjui mwanawe, na hoja hiyo sina namna ya kuijibu.

Kuhusu uraibu, Shirika la Afya Duniani limelitambua tatizo la kushindwa kujizuia kucheza gemu katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Hata hivyo halihesabu saa peke yake. Linatazama kama mtu ameshindwa kujidhibiti, kama gemu imetangulia mambo mengine yote ya maisha, na kama anaendelea licha ya madhara, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12. Kijana anayecheza saa nne siku ya Jumamosi, kisha Jumatatu akaenda shule na kufanya kazi zake, hana ugonjwa huo, ingawa anaweza kuwa na vyombo ambavyo hajaviosha.

Dhana: Nilichokinunua ndani ya gemu ni mali yangu

Apex Legends Mobile, gemu nyingine ya bunduki, ilizinduliwa Mei 2022, ikasifiwa, nikaipenda kuliko zote kwa jinsi mhusika anavyoteleza na kupanda kuta. Ilifungwa tarehe 1 Mei 2023, haijatimiza mwaka. Mavazi, bunduki zilizopambwa na ngazi ambazo watu walilipia zilizimwa pamoja na seva, kwa sababu walichokuwa wamenunua kilikuwa ruhusa ya kutumia, nayo hudumu kwa muda ambao kampuni itapenda. Masharti hayo huwa yameandikwa katika kurasa ambazo sote hubonyeza "nakubali" bila kuzisoma. Nilikuwa nimetumia elfu kumi na tano humo.

Mpwa wangu, nilipomsimulia, aliniuliza kama nilirudishiwa pesa. Nilipomwambia hapana, aliinua uso kutoka kwenye simu kwa mara ya kwanza jioni hiyo, akasema, "Basi hao ndio wanaochiti, mjomba." Kisha akarudi dirishani, maana mechi ilikuwa imeanza.