Lazima uwe daktari ndipo uandike mambo ya tiba?

Wengi huamini kuwa maandishi ya kitabibu ni kazi ya madaktari pekee. Sivyo. Wafamasia, wauguzi, wanabiolojia, hata wafasiri huifanya. Kinachopimwa ni uwezo wa kusoma utafiti na kuueleza bila kuupotosha. Dawa ikipunguza wanaopata kiharusi kutoka watu 2 hadi 1 kwa kila 100, kusema "imepunguza kwa nusu" ni kweli, lakini msomaji hubaki gizani asipoambiwa kuwa aliyeepushwa ni mtu 1 kati ya 100. Andika yote mawili.

Penye ugumu hasa ni fomu ya ridhaa ya utafiti, ile ambayo mtu hukubali kwayo kushiriki. Mtu mmoja huifasiri kwa Kiswahili, wa pili, ambaye hajaiona fomu ya Kiingereza, huirudisha kwa Kiingereza, kisha matini mbili za Kiingereza hulinganishwa. Hapo ndipo makosa huibuka: upangaji wa washiriki katika makundi bila upendeleo, yaani bila mtu kuchagua nani aende kundi lipi, ukiitwa "bahati nasibu", mshiriki hudhani kuna zawadi. Afadhali "kama kurusha shilingi".

Daktari naye huteleza. Huandika "kutwa mara tatu" panapohitajika "kila baada ya saa 8", na kutwa, kwa wengi, huisha jua likizama.