Nyumbu wa Serengeti hawahami Julai na Agosti tu

Kila watu wa Dar wanapoanza kupanga safari ya mbugani, ujumbe uleule huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: nyumbu huhama Julai na Agosti tu, miezi mingine Serengeti ni tupu, kwa hiyo anayelipia kambi ya kifahari Februari anatupa hela.

Sivyo. Nyumbu hao, zaidi ya milioni 1, huzunguka mwaka mzima wakifuata mvua na majani mabichi. Januari hadi Machi huwa nyanda za kusini, upande wa Ndutu, na wengi huzaa karibu na Februari. Simba, fisi na duma wanalijua hilo vizuri. (Kwangu mimi, huo ndio msimu mtamu kuliko yote.) Mei na Juni huelekea magharibi, mto Grumeti, kuanzia Julai hadi Oktoba wengi wako kaskazini, na mvua za vuli huwarudisha kusini. Simba wa Seronera, katikati ya hifadhi, hawafuatani nao, wana maeneo yao, kwa hiyo hata nyumbu wakiondoka Serengeti haiwi tupu.

Kinachochanganya ni video za nyumbu wakivuka mto Mara, kule kaskazini, huku mamba wakiwasubiri. Watu hudhani kuvuka ndiko kuhama kwenyewe.

Ujumbe huo ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze. Na kabla ya kulipa, uliza kambi iko upande gani wa hifadhi mwezi huo, kisha tazama ramani. Kambi ya Kogatende, kaskazini kabisa, Februari itakuwa mbali na nyumbu hata iwe ghali vipi. Baadhi ya kambi za mahema huhamishwa kufuata msimu.