Majasusi wa kubuni na wa kweli: dhana potofu na ukweli

Dhana: Jasusi hodari huvunja kasiki usiku na kuiba siri mwenyewe.
Afisa wa ujasusi kwa kawaida haibi chochote. Humtafuta mtu ambaye tayari anaruhusiwa kuzigusa siri hizo, humshawishi, kisha humlinda. Adolf Tolkachev, mhandisi wa rada mjini Moscow, ndiye aliyezipiga picha nyaraka, si maafisa wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, waliokutana naye. Na ndiye aliyeuawa mwaka 1986.

Dhana: Akifuatwa, huwatoroka kwa mbio za magari.
Hapa ndipo hadithi za kubuni hupotosha zaidi. Anayewatoroka kwa ustadi huwa amewathibitishia kuwa ni jasusi. Kabla ya kukutana na mtoa habari, afisa huzunguka kwa saa kadhaa katika njia aliyoipanga mapema: basi, kwa miguu, dukani, basi jingine. Kila kituo lazima kiwe na sababu ya kawaida. Hageuki nyuma hovyo. Njia yenyewe humpa nafasi ya kutazama, kwa mfano anapovuka barabara. Sura ikijirudia katika mtaa mmoja, huenda ni mkazi tu. Ikitokea tena mbali na hapo, saa nyingine, anafuatwa. Hapo huuacha mkutano, humaliza shughuli zake na kurudi nyumbani, kwa sababu siku na mahali pa akiba vilishapangwa. Kosa baya kuliko yote ni kuhisi unafuatwa na bado kwenda: afisa mwenye kinga ya kidiplomasia atafukuzwa nchini, mtoa habari atapoteza maisha.

Dhana: Kiwambo cha kuzuia sauti huifanya bastola iwe kimya.
Hupunguza takriban desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 20 hadi 35 katika mlio unaokaribia 160, hivyo mlio hubaki mkubwa. Risasi iendayo kasi kuliko sauti nayo hupasua hewa kwa mlio ambao kiwambo hakiwezi kuuzuia.

Dhana: Mashine ya kupima uongo humnasa msaliti.
Mashine hupima mapigo ya moyo, pumzi na jasho, yaani wasiwasi, si uongo. Mtulivu hupita, mkweli mwenye hofu huweza kuanguka. Aldrich Ames wa CIA alianza kuwauzia Wasovieti siri mwaka 1985, akafaulu kipimo mwaka 1986 na tena 1991. Alikamatwa 1994. Kilichomponza ni fedha. Alinunua nyumba ya dola 540,000 kwa taslimu, na wachunguzi walipolinganisha fedha alizoweka benki na mikutano yake na mwanadiplomasia mmoja wa Kisovieti, tarehe zilifuatana.