Nyoka Wako Kagoma Kula? Mpime Kwanza

"Daktari, huyu ana wiki ya saba hajagusa panya." Ujumbe wa namna hii hunijia kwa mkupuo usiku unapoanza kupoa. Mwezi mzima simu imetulia, mara nyoka wote wamegoma pamoja kana kwamba walikuwa na kikao.

Nami huuliza: ana gramu ngapi? Wengi hawajui. Tarehe ya mlo wa mwisho wanayo kichwani, mizani hawana, na mizani ya kawaida ya jikoni ingejibu nusu ya maswali yao. Mwaka jana niliona chatu dume, wa ile jamii ndogo ya Afrika Magharibi na Kati inayojikunja kama mpira ikishtuka. Alianza mgomo akiwa na gramu 1,420. Wiki tisa baadaye nilimtia kwenye ndoo, nikatoa uzito wa ndoo: gramu 1,388. Kapungua asilimia 2 na ushee tu. Mgongo haujachongoka, ulimi unachezacheza, na pua imechubuka kwa kusukuma mfuniko usiku kucha. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa akitafuta jike.

Madume wa jamii hii huweza kukaa miezi bila kula msimu wa kujamiiana. Kuwasha themostati, kile kifaa cha kudhibiti joto la kizimba, mwaka mzima hakuwafutii kalenda. Mwanga wa dirishani hubadilika, chumba hupoa usiku, na upande wa baridi wa kizimba hushuka nyuzi mbili tatu bila wewe kujua. Yeye anajua.

Hapo ndipo watu huharibu. Wengine hupandisha joto ili kumtia hamu. Joto la mwili wa nyoka hutoka nje, kwa hiyo ukimpasha zaidi ilhali hali, unamfanya achome akiba yake haraka zaidi. Wengine humsukumia panya kooni. Hili linaniudhi kuliko yote: nyoka aliyekuwa mzima anaishia kutapika, kuumia mdomo na kukuogopa.

Majike wana mambo yao. Jike mwenye mayai yanayokua ndani anaweza kula kwa pupa wiki kadhaa, kisha akaacha kabisa, akahamia upande wa baridi, hata akalala tumbo juu. Mara ya kwanza kuona hivyo utadhani anakufa. Na usiseme haiwezekani kwa kuwa hajawahi kukutana na dume. Majike wengine hutaga mayai yasiyorutubishwa.

Nyoka wa mahindi, wale wa rangi ya machungwa wa kusini-mashariki mwa Marekani, ni habari nyingine. Kwao kuna baridi kali, nao hujificha na kupooza shughuli zao mpaka joto lirudi. Wafugaji huwapoza makusudi ili wazaliane, lakini wa kufuga tu hahitaji hilo. Ukiamua kumpoza, acha kumlisha wiki mbili au zaidi kabla, joto likiwa bado la kawaida, ili tumbo liishe kitu. Panya aliyebaki tumboni mwa nyoka aliyepoa hasagiki, anaoza. Maji yawepo siku zote. Chatu wa nchi za joto usimfanyie hivi hata kidogo, mapafu yatakudai.

Mgomo wa msimu hauji na kamasi, mdomo wazi, pumzi yenye mluzi wala kichwa kinachoelekea juu muda wote. Ukiona mojawapo, au uzito umeshuka kwa asilimia 10, acha kuhesabu wiki, mlete. Macho yakiwa na ukungu wa maziwa, subiri tu: anajiandaa kujivua gamba, na wengi hawali mpaka limalizike.

Yule dume alikubali panya katika wiki ya kumi na saba. Mwenye nyoka alifurahi, akataka kumpa wa pili palepale. Nilimkataza. Chatu akikaa muda mrefu bila mlo utumbo husinyaa, kisha hulazimika kujijenga upya akishameza. Panya mmoja, mdogo kuliko wa kawaida, kisha wiki nzima bila kumshikashika. Wiki iliyofuata alipata mwingine, naye hakumtapika.