Huduma na Familia: Tunayoaminishana na Yaliyo Kweli

Dhana: Aliyeitwa na Mungu ameacha mke na watoto.

Andiko linaloshikiliwa ni Marko 10, pale Petro anapomwambia Yesu kwamba wao wameacha vyote. Hapa Tororo, Uganda, nimelisikia kwenye makesha na kwenye semina za wachungaji, hata vijana ambao hawajaoa wanalirudia. Basi tumfuate Petro huyo huyo. Alikuwa na nyumba Kapernaumu, na Yesu alipotoka sinagogi aliingia humo akamponya mama mkwe wa Petro (Marko 1). Miaka mingi baadaye Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba Kefa, yaani Petro, husafiri katika huduma pamoja na mkewe (1 Wakorintho 9:5). Nyavu aliziacha. Mke hakumwacha.

Dhana: Wewe fanya kazi ya Mungu, watoto atakulelea yeye.

Kauli hii inaniuma kuliko zote, maana niliiamini. Samweli alikuwa mtu wa ziara: kila mwaka alizunguka Betheli, Gilgali na Mispa akiwaamua Israeli. Wanawe, Yoeli na Abiya, wakaishia kupokea rushwa (1 Samweli 7 na 8). Biblia haisemi ziara ndizo zilizowaharibu, wala mimi sisemi. Ninachokiona ni kwamba hata nabii wa kiwango kile hakuwarithisha wanawe uchaji kwa sababu tu ya utumishi wake.

Siku ya kutembelea wanafunzi shuleni kwa binti yangu niliikosa mara mbili, mara ya kwanza kwa mazishi, ya pili kwa mkutano wa injili. Mara ya tatu hakuniuliza kama ningekuja. Alimwomba mjomba wake.

Dhana: Jumapili tunakuwa wote kanisani, huo ndio muda wetu.

Muulize mke wa mchungaji. Jumapili yeye yuko jikoni akiwaandalia wageni matoke na wali, na watoto wameketi mbele wakichunguzwa na kanisa zima.

Dhana: Siku moja ya mapumziko kwa wiki inatosha.

Ushauri huu ni mzuri, na Jumatatu yangu ninailinda. Ila kwetu Uganda una tundu kubwa: watoto wengi wako bweni. Jumatatu unapumzika nyumbani, wao wako darasani. Wanarudi likizo za mihula, kuanzia Mei, kisha mwishoni mwa Agosti, kisha Desemba, na kanisa nalo huchagua likizo hizo hizo kufanya kambi za vijana na makongamano. Desemba ndiyo usiseme: kwaya, Krismasi, harusi, mkesha wa mwaka mpya. Mchungaji anakesha akiwaombea watoto wa watu huku watoto wake mwenyewe wakihesabu siku za kurudi shule. Kwa hiyo muda wa familia yetu hauhesabiki kwa wiki peke yake. Unahesabiwa kwa likizo, na likizo ni tatu tu kwa mwaka.

Dhana: Mchungaji asipokuwepo, kondoo watatawanyika.

Kitabu cha Kutoka, sura ya 18, huwa tunaisoma kama somo la uongozi, tunaruka mwanzo wake. Yethro, baba mkwe wa Musa, hakuja jangwani peke yake. Alikuja na Sipora, mke wa Musa, na wana wao wawili, Gershomu na Eliezeri. Kesho yake akamkuta Musa ameketi kuamua watu tangu asubuhi hadi jioni, akamwambia jambo hilo si jema, atajichosha yeye na watu pia. Ndipo wakawekwa wakuu wa maelfu, mamia, hamsini na makumi.

Kwetu mzigo mgumu kuugawa ni mazishi. Hayana ratiba, na wafiwa wanamtaka mchungaji mwenyewe. Mwaka huu, tulipokuwa tukipanga kalenda ya kanisa, niliwaomba wazee waandike kwanza siku za kutembelea shule na wiki moja katika kila likizo, ndipo kambi na semina zifuate. Mzee mmoja akauliza, kwa haki kabisa, nani atazika watu wiki hizo. Shemasi aliyekaa karibu na mlango akainua mkono.